Siku 9 Fiji kutafuta ndege bila haraka, uzoefu wangu

Kama unapenda ndege ila hupendi kukimbizwa, soma hii. Tulikua watu sita, siku tisa, visiwa viwili tu, Viti Levu na Taveuni, na ndo kilichonifanya nichague hii kampuni ya utalii maana nyingine wanakupitisha visiwa vinne vitano alafu nusu ya likizo inaishia eapoti.

Tulianzia Viti Levu, msitu wa Colo-i-Suva, kama kilomita 11 hivi kutoka Suva mjini. Mvua ya kule haina adabu, beba koti la maana. Sasa tuko ndani ya msitu nasikia mbwa anabweka, nikajua kuna nyumba karibu, kumbe ni njiwa! Njiwa mkubwa wa kijivu yuko juu ya mti anabweka kabisa, ilibidi mwenyeji wetu anioneshe kwa kidole mara tatu ndo nikaamini. Hapo hapo tukampata na yule njiwa wa dhahabu, dume lake ni la njano na manyoya yamekaa kama nyuzi nyuzi.

Ila moyo wangu ulibaki Taveuni. Unafika kwa kindege kidogo cha propela, na mstari wa longitudo nyuzi 180 unakatiza hapo hapo kisiwani. Kitu kimoja mwenyeji alitueleza kiliniuma sana, mwaka 1883 waliletwa nguchiro Viti Levu ili wawale panya kwenye mashamba ya miwa, wakageukia ndege wanaoishi chini. Kwetu nguchiro anakatiza barabara wala hakuna anayeshangaa, kule ni balaa. Taveuni hawapo, na tofauti unaiona mwenyewe, ndege wa chini bado wanajitembelea na kasuku wekundu wanapita juu ya nyumba za watu wakipiga kelele.

Alfajiri tukapanda Des Voeux Peak, mita 1,195, barabara ni mawe matupu na Land Cruiser inalia njia nzima. Tulikua tunamtafuta njiwa wa chungwa. Unamsikia kwanza, tok... tok... kama mtu anagonga ulimi, yuko karibu kabisa na humuoni. Tulisimama kama dakika arobaini na hakuna aliyetuharakisha, hilo nawashukuru sana. Jua lilipotoka nikamuona, yaani mwili mzima chungwa lililoiva, kichwa tu ndo kina ukijani, akachuma kitunda akakimeza kizima. Jike lilikua tawi la pembeni muda wote, kijani tupu, macho yalikua yanalipita tu kama jani. Machozi yalinitoka na sioni aibu kusema.

Jioni moja tulikaribishwa kijijini, unavua kofia, unapeleka mizizi ya yaqona, mmea wanaotengenezea kinywaji cha kava, kwa mkubwa wa kijiji, mnakaa chini kwenye mkeka mnakinywa wote bakuli moja linazunguka. Ulimi unakufa ganzi kidogo, usiogope.

Sasa yaliyonikera. Kampuni waliniahidi darubini ya kukodi, nikalipia kabisa, nafika napewa yenye ukungu ndani ya kioo, kule mlimani ilibidi niazime ya mama mmoja tuliyekua nae. Niliwaandikia, walijibu vizuri ila hela haijarudi mpaka leo. Na lodji tuliyofikia chai ni saa moja na nusu wakati ndege wanaimba kuanzia saa kumi na mbili, siku ya kwanza mlimani tulikula biskuti. Tulipolalamika kesho yake wakatufungia mayai na mihogo ya kuchemsha, safi kabisa.

Aina za ndege sio nyingi, ukizoea Serengeti utaona chache, lakini wapo wengi ambao huwapati popote pengine duniani. Gharama ni kubwa, nilidunduliza miaka mitatu. Nenda kati ya Mei na Oktoba mvua inapopungua, beba darubini yako mwenyewe, na kabla hujalipa uliza lodji wanatoa chai saa ngapi. Nyota nne.