Sauti Inapopishana na Midomo: Ununue Nini Kwanza, Ununue Nini Mwisho

Baba yangu ni askari polisi mstaafu. Alitulea kwenye kambi ya Nsambya, Kampala, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride, ya uani na ya ugomvi wa watoto bombani. Sasa anaishi Tororo na masikio yake yamechoka. Taarifa ya habari anaisikiliza kwa macho: anatazama midomo ya msomaji, na sauti inamsaidia pale ambapo midomo haikueleweka. Tulimnunulia homu thieta ili asikie vizuri zaidi. Siku ya tatu akanipigia simu. "Mwanangu, huyu dada anafunga mdomo ndipo namsikia. Nirudishieni redio yangu."

Tangu siku hiyo nimehangaika na tatizo hili kwake, kwa dada yangu Busia, na kwa majirani wasiopungua watano. Nimenunua vitu vilivyoleta raha nyumbani na vingine ambavyo vimelala kabatini hadi leo. Hapa navipanga kwa utaratibu ambao ningeufuata leo kama ningeanza upya.

Kabla hujatoa hata shilingi: nani ametangulia?

Muuzaji dukani hatakuuliza swali hili, na ndilo linaloamua kila kitu. Je, sauti inachelewa nyuma ya picha, au inaitangulia? Kifaa kinachotibu hali moja huzidisha nyingine.

Weka taarifa ya habari, msomaji akiwa ameangalia kamera. Subiri maneno yenye b, m na p, kwa sababu hayatamkiki bila midomo kukutana. Akitaja "Mbarara" au "Bombo", midomo lazima igusane kwanza. Ukisikia "Mba" kabla midomo haijafungana, sauti imetangulia. Kama midomo imeshafunguka na imefika kwenye "rara" ndipo "Mba" inakufikia, sauti imechelewa. Rudia mara tatu nne, jicho huzoea haraka.

Tafadhali usipime kwa filamu iliyotafsiriwa na VJ, yule msimulizi anayeifasiri kwa sauti yake, wala kwa tamthilia ya Mexico au Ufilipino iliyoingizwa sauti nyingine. Huko sauti na midomo havikukutana tangu mwanzo. Nimemkuta jirani ameng'oa nyaya zote nyuma ya TV kwa sababu ya tamthilia.

Halafu zima homu thieta, usikilize spika za TV yenyewe. Kama nazo zimepishana na picha, tatizo liko kwenye chaneli au kwenye dekoda. Badilisha chaneli, kisha chomoa dekoda kwenye umeme kwa dakika moja na kuirudisha. Matangazo yaliyorushwa yakiwa yamepishana hayaponywi na waya wowote.

Chanzo chenyewe si kigumu kukielewa. TV ya kisasa haionyeshi picha papo hapo. Inaisafisha, inaikuza ijae kioo, inalainisha mwendo wake, na kazi hiyo inachukua makumi ya milisekunde, wakati mwingine zaidi ya 100. Spika za ndani ya TV huambiwa zisubiri picha imalize kuoga. Lakini ukichukua sauti kwenye dekoda na kuipeleka moja kwa moja kwenye homu thieta kwa nyaya nyekundu na nyeupe, hakuna anayeiambia isubiri, basi inatangulia. Hali ya pili ni kinyume chake: sauti inaingia kwenye TV, inabanwa, inatumwa, inafunguliwa tena upande wa pili, pengine inapita hewani. Hiyo inachelewa.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 1998 lilitoa vipimo ambavyo bado vinatumika: mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa haigundui mpaka ifike karibu 125. Sababu tunaishi nayo. Mtazame mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka linatua, mlio unafuata, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde na mwanga haungoji. Masikio yamezoea mlio unaofuata tendo, ila mlio unaotangulia tendo hatujawahi kukutana nao shambani wala barabarani, ndiyo maana unaudhi mapema.

Setingi, ambazo ni bure

Kama sauti inatangulia, tafuta kwenye rimoti ya homu thieta au kwenye TV sehemu iliyoandikwa "Audio Delay", "Lip Sync" au "AV Sync". Kwenye LG utakuta "AV Sync Adjustment", na kwenye Samsung nyingi "Digital Output Audio Delay". Ongeza kidogo kidogo, 10 au 20 kwa wakati, ukitazama midomo. Hapo unaweza kumaliza na kufunga mkoba.

Kama sauti inachelewa, hakikisha namba hizo ziko sifuri pande zote mbili, TV na homu thieta. Kisha nenda kwenye "Digital Audio Out" na uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa. Sauti ya Dolby Digital husafiri kwa mafungu, na kila fungu lina milisekunde 32 za sauti. Spika haziwezi kuanza kabla fungu halijafika na kufunguliwa. PCM haina mafungu hayo. Ina gharama yake, nayo nitaisema wazi: kwa waya wa optiki au kwa ARC ya kawaida (njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye homu thieta), PCM hupitisha chaneli mbili tu, kwa hiyo spika za nyuma hazipati sauti yao maalumu. Kwa Mzee anayetazama habari, si hasara. Kwa mpenda filamu, inauma.

Tahadhari moja kuhusu "Game Mode", ambayo kila kijana atakushauri uiwashe. Kazi yake ni kuharakisha picha. Inafaa sauti ikiwa imetangulia. Ukiiwasha wakati sauti tayari imechelewa, unaipa picha mbio zaidi.

Nafasi ya kwanza: waya wa HDMI, kama pande zote mbili zina ARC

Geuza TV uangalie matundu ya HDMI. Moja litakuwa limeandikwa ARC, au eARC ambayo ni toleo lake jipya. Fanya hivyo hivyo kwenye homu thieta. Maandishi hayo yakiwepo pande zote mbili, nunua waya wa HDMI ulioandikwa "High Speed", mita moja na nusu au mbili, uunganishe matundu hayo hayo na si mengine.

Naupa nafasi ya kwanza kwa sababu kupitia HDMI vifaa vinaweza kuambiana vinachelewa kiasi gani. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na humo maelewano hayo ni hiari ya mtengenezaji. Kwenye eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, ni lazima. Mwenye eARC pande zote mbili mara nyingi hagusi setingi yoyote.

Usidanganyike na waya wa bei kubwa wenye vichwa vya dhahabu. Ucheleweshaji hautoki kwenye waya, unatoka kwenye usindikaji ndani ya vifaa. Wangu niliupata Kikuubo, Kampala, kwa shilingi 15,000 na unafanya kazi sawa na uliomgharimu shemeji yangu mara nne.

Kosa ninaloliona sana ni la wenye homu thieta za DVD. Zina tundu la HDMI, lakini halina neno ARC. Tundu hilo hutoa picha ya DVD kwenda kwenye TV, halirudishi sauti. Ukinunua waya kwa ajili yake utabaki na kimya. Soma maandishi kabla ya kupanda boda kwenda mjini. Piga picha ya nyuma ya kifaa kwa simu, uende nayo dukani.

Nafasi ya pili: waya wa optiki, pamoja na kisanduku cha kugeuza sauti

Kwa nyumba nyingi ninazozijua Uganda, hii ndiyo itakayokuwa ya kwanza kwa vitendo, maana homu thieta zetu ni za zamani kuliko TV zetu. Waya huu hupitisha sauti kwa mwanga. Toshiba waliuanzisha mwaka 1983, na TV nyingi za leo bado zina tundu lake. Hauna uwezo wa kuviambia vifaa chochote kuhusu kuchelewa, kwa hiyo marekebisho utayafanya kwa mkono. Lakini wenyewe hauongezi kuchelewa kunakohisiwa.

Ndio uliomwokoa Mzee. Homu thieta yake ilikuwa imeunganishwa kwa Bluetooth na fundi aliyetaka kumaliza haraka. Nilileta waya wa optiki, nikachomeka, kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena, kimya. Mzee ananitazama bila kusema kitu. Kisha nikaona: ncha zote mbili zilikuwa bado zimevaa vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyoona ndani, ambavyo huja na waya mpya. Nikavitoa, mwanga mwekundu ukatokea kwenye ncha, na sauti ikaja. Nikaweka PCM. Msomaji akasema "Mbarara" na midomo yake ikafanya Mbarara. Usiukunje waya huu kwa pembe kali kama unavyokunja waya wa pasi. Ndani yake ni njia ya mwanga, na ikivunjika hairekebishwi.

Kama homu thieta yako haina tundu la optiki, ongeza kisanduku kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya nyaya nyekundu na nyeupe. Madukani huitwa DAC. Ni kidogo kama kiberiti, hula umeme wa USB wa volti 5, na unaweza kuupata kwenye tundu la USB la TV hiyo hiyo. Dada yangu Busia alikuwa na nyaya nyekundu na nyeupe kutoka kwenye dekoda, sauti inatangulia, na homu thieta yake haina setingi ya kuchelewesha. Tulipopitisha sauti kwenye TV kwanza, kisha kwenye kisanduku hiki, TV yenyewe ikaipanga. Sharti moja: TV iwe kwenye PCM, la sivyo utasikia kimya au mngurumo wa kutisha.

Nafasi ya tatu: kubadilisha saundibaa au risiva

Hapa tumetoka kwenye maelfu tumeingia kwenye malaki, hivyo usifike kabla hujamaliza hayo mawili. Ukinunua kipya, tafuta neno eARC, na umwombe muuzaji akuonyeshe setingi ya kuchelewesha sauti kwenye menyu, si kwenye boksi.

Risiva za mtumba, zile amplifaya zinazopokea sauti na kuendesha spika zote, ni nzuri sana kwa kazi hii. Nyingi zinakuruhusu kuchelewesha sauti milisekunde 200 au zaidi, na zinauliza umbali wa kila spika kutoka kwenye kiti chako. Jaza umbali huo kwa uaminifu, kwa futi kamba: kila mita moja ni takriban milisekunde 3, na spika ya nyuma iliyo sikioni mwako ikiitangulia ya mbele iliyo mita nne, chumba kizima kinasikika kama watu wawili wanaosoma barua moja bila kuelewana. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha umeme nyuma. Umeme wetu ni volti 240. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukiichomeka ukutani bila transfoma itaungua hapo hapo.

Nafasi ya nne: kisanduku cha kuchelewesha

Kipo kifaa kinachokaa katikati ya waya wa optiki na kazi yake moja ni kushikilia sauti kwa muda unaoutaka. Kinachofahamika zaidi ni Felston cha Uingereza, kinachoweza kuchelewesha zaidi ya nusu sekunde. Ni kizuri, lakini ni cha kuagiza, na kinamfaa mtu mmoja tu: yule ambaye sauti yake inatangulia na hana setingi popote. Hakuna kisanduku duniani kinachoweza kuivuta mbele sauti iliyochelewa.

Nafasi ya mwisho: Bluetooth

Nilimwambia fundi mmoja Kampala kwamba sauti ya Mzee inachelewa, akaniuzia kifaa cha Bluetooth cha shilingi 60,000 akisema ni "cha kasi". Nilisafiri nacho hadi Tororo, na hali ikabaki ile ile. Baadaye ndipo nilipoelewa. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti milisekunde 100 hadi 200 na zaidi. Ipo aina ya aptX Low Latency inayoshuka hadi karibu 40, lakini ni lazima kifaa kinachotuma na kinachopokea vyote viwe nayo. Homu thieta ya Mzee haikuwa nayo, kwa hiyo kifaa kilirudi kwenye mwendo wa kawaida. Kama nyumba yako hairuhusu waya kabisa, soma maandishi hayo pande zote mbili kabla ya kulipa. Kwa muziki, Bluetooth haina neno, kwani hakuna midomo ya kutazama.

Kwa Mzee sasa kuna waya wa optiki, PCM, na sifuri kwenye kila namba. Nimebandika plasta juu ya kitufe cha "Surround" kwenye rimoti, kwa sababu wajukuu wakikibonyeza homu thieta inaanza kuipamba sauti, na "Mbarara" inarudi nyuma tena.