Vichaka vya kuzamisha kutoka karakana ya Katwe: tathmini ya mnunuzi

Kwa yeyote mwenye bwawa ambalo sakafu yake ni tope tupu, vichaka vya plastiki na zege, yaani maficho ya samaki ya kuzamishwa majini, vinavyotengenezwa na karakana moja ndogo ya Katwe, Kampala, vinastahili bei yake, ilimradi mnunuzi akague kila bomba kabla ya kulipa na ajue mahali pa kuvizamisha. Kikundi chetu cha wavuvi wa mshipi kinatunza bwawa karibu na Bombo, wilayani Luweero, na tumevitumia sambamba na vile tulivyofunga wenyewe kwa mianzi na matawi ya mwembe, katika maji yale yale, kwa ngege na kambare wale wale.

Muundo ni rahisi: ndoo ya lita 20 hujazwa zege, na kabla halijakauka husimikwa ndani yake mabomba membamba, marefu kwa mafupi, yakielekea pande zote. Ubora wake uko kwenye kitako. Zege la kawaida lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ndoo iliyojaa hufikia kilo 48 nchi kavu, lakini ikishazama maji huipunguzia kilo 20 na kuiachia 28 hivi. Uzito huo unatosha kukituliza kichaka upepo unapochafua bwawa, na bado watu wawili wanaweza kukishusha kutoka mtumbwini bila kuupindua. Mianzi ni kazi nyingine: kila pingili ina hewa yake, na usipoipasua au kuitoboa yote itaelea hata ukiifungia mawe machache.

Kasoro ya karakana hii ni ya aina hiyo hiyo. Baadhi ya mabomba tuliyopokea yalikuwa yamezibwa juu bila kutobolewa, hewa ikabaki ndani na kichaka kikawa kinayumba badala ya kutulia. Fundi aliyatoboa bila malipo, jambo ninalomshukuru, ila kazi hiyo ilipaswa kufanyika kabla mzigo haujapakiwa.

Plastiki laini haishiki mwani upesi, na mwani ndio chakula kikuu cha ngege. Mafundi hawa wanalijua hilo, kwani hukwaruza kila bomba kwa msasa mkali. Tulipovuta kichaka kimoja kwa kamba yake ili kukikagua, sehemu zilizokwaruzwa zilikuwa na utando wa kijani wenye utelezi, ukiwa na michirizi mifupi iliyoachwa na midomo ya samaki, ilhali vipande viwili ambavyo msasa haukuvipitia vilikuwa vyeupe karibu kama vilivyotoka dukani. Matawi ya mwembe hufunikwa na mwani mapema zaidi, lakini huoza na kukatika, tena hunasa ndoana mno. Kwenye bomba ndoana huteleza na kutoka.

Swali lililo muhimu kuliko yote ni kama vichaka huongeza samaki au huwakusanya tu. Vikikusanya tu, mvuvi hufurahi kwa msimu mmoja huku akimaliza akiba ya bwawa zima. Ngege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike hulea mayai na vifaranga mdomoni, na hatari huanza vifaranga wanapoachwa wajitegemee, kwa kuwa kambare huwawinda. Kwa hiyo nafasi kati ya mabomba ndiyo inayoamua. Toleo la karakana lenye mabomba mengi yaliyosongamana humruhusu kifaranga kupenya na kumzuia kambare mkubwa. Lile la mabomba machache, ambalo ni la bei nafuu, ni kivutio cha samaki wakubwa tu, nami simshauri mtu alinunue peke yake. Sisi tumekubaliana kutovua kabisa kwenye vichaka vilivyo karibu na viota.

Visizamishwe mahali penye kina kirefu ambako maji ya chini hukosa oksijeni. Wala visiwekwe pale watoto wanapoogelea au watu wanapoteka maji, kwa sababu konokono nao huvipenda, na baadhi yao hubeba kichocho. Tumieni mtumbwi badala ya kuingia majini kwa miguu. Katika maziwa ya umma kama Victoria, Kyoga na Wamala, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inazuia kuweka muundo wowote ziwani bila kibali, na nyavu za wavuvi wengine zinaweza kuharibika.

Karakana ilitupa pia chaguo la matairi yaliyofungwa pamoja, kwa bei ndogo sana. Tulikataa. Huko Florida, Marekani, matairi yapatayo milioni mbili yalizamishwa kuanzia mwaka 1972 katika mradi wa Osborne Reef, mwamba bandia uliokusudiwa kuwa makazi ya samaki baharini. Vifungo vilikatika, matairi yakatawanyika na kuharibu matumbawe ya asili, na kuyaondoa kumekuwa kazi ya miaka mingi.

Anayetaka kununua aagize mapema ili zege likomae vizuri, aje na gari lake kwa kuwa karakana haisafirishi, na achague toleo lenye mabomba mengi. Kabla ya kupakia, akague kila bomba kama lina tundu la kutolea hewa. Lililozibwa bila kutobolewa lirudishwe kwa fundi hapo hapo.