Nilipeleka katapila la marehemu baba gereji Jomvu: cheni mashallah, vijana ndio tatizo

Haya, nshatulia, sasa naweza kuandika bila matusi. Nna katapila dogo, Cat D4 ya zamani, kibati chake namba inaanza na 7U, yaani zile zilizotengenezwa Marekani kati ya 1947 na 1959. Marehemu baba alilitoa kwenye mashamba ya mkonge huko Kilifi watu wakamcheka, na mpaka leo liko timboni kwangu Mtwapa linasukuma mawe.

Shida ilikuwa cheni. Zimelegea mpaka ukikata kona ya kulia inaruka meno ya sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni), kak kak kak, moyo unakwenda mbio, na boliti ya kukazia imefika mwisho haina tena pa kwenda. Jamaa wa kwanza niliyemuuliza, mjini, hata hakuja kuliangalia, kaniambia tu nunua cheni mpya, na bei aliyonitajia hata ningeuza katapila lenyewe isingetimia. Ndipo dereva mmoja wa lobedi, lile trela la chini la kubebea mashine, akanielekeza gereji hii ya Jomvu. Jina siliweki kwa sababu nna ya kusifu na nna ya kulalamika.

Kwanza sifa. Fundi mkuu ni mzee, kofia yake ya viua imelowa grisi mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Hakusema neno, akavuta cheni ikakaza, akapima kwa tepu kutoka pini hii mpaka ile ya tano, halafu akanishika mkono akapitisha kidole changu juu ya bushi, kile kibomba cha chuma kinachovaa pini ya kiungo. Upande mmoja umelika mpaka umeingia ndani, upande wa pili duara zima kama jipya! Akaniambia, "Mwanangu, cheni hii haijafa, imeliwa upande mmoja tu. Twaigeuza."

Mimi sikuwa najua kitu hicho, wallahi. Kumbe sproketi inasukuma bushi upande ule ule miaka yote, na ndani pini nayo inalika upande ule ule, kila kiungo kinaongezeka kidogo tu lakini vikijumlishwa vyote ndio cheni inakuwa ndefu. Wanazitoa pini na bushi kwa presi, wanazigeuza nusu duara, wanazirudisha, cheni inarudi karibu na urefu wake wa kwanza. Ila uwahi, bushi ikishatoboka au ikapasuka hakuna cha kugeuza. Zangu mbili zilikuwa na ufa, akanitafutia za cheni nyingine. Pini zilikuwa zimeshikana na kutu ya huku kwetu pwani, zikitoka zinalia kama bunduki, jirani aliye na duka la chapati akawa anaruka kila mara.

Kurudisha nako nilisimama pale pale. Kijana mmoja alikuja na mkebe wa grisi anataka kupaka cheni yote, mzee akamfokea, cheni kavu ya namna hii haipakwi kitu, ukipaka mchanga unaganda unakuwa msasa unakula chuma usiku na mchana. Akaweka ubao ulionyooka kutoka rola ya juu mpaka gurudumu la mbele, akapima cheni imeshuka kiasi gani, inchi moja na robo. Akaliendesha mbele na nyuma, akapima tena. Wengi hawapimi mara ya pili, wanakaza kama waya wa gitaa, na cheni iliyokazwa sana inajila yenyewe.

Sasa malalamiko. Niliambiwa siku 4, nikakaa siku 11. Mara presi inavuja, mara mvua, mara vijana wote wamekwenda Miritini kwenye kazi ya mtu mwingine na la kwangu liko juu ya magogo halina miguu. Ukipiga simu unaambiwa "bosi kesho asubuhi", nami nimeshalipa nusu.

Lakini lililonikera ni hili. Hii D4 haina stata ya betri, inawashwa na injini ndogo ya petroli ya silinda mbili iliyokaa pembeni, unaiwasha ile kwanza, inaizungusha ile kubwa ya dizeli wenzo wa kompresheni ukiwa umefunguliwa (yaani mgandamizo umeachiwa izunguke kirahisi), presha ya oili ikipanda ndio unafunga kompresheni na kufungulia dizeli. (Nasikia raha yake ni kupasha injini moto kwenye nchi za baridi, hapa Mombasa inapasha nini sijui.) Injini hii ndogo ina sharti moja, ukimaliza funga koki ya petroli. Niliwaambia. Nikarudia. Asubuhi ya kuchukua nikachomoa kijiti cha oili cha injini hiyo ndogo, oili imepanda kupita alama, nikanusa, petroli tupu. Koki ililala wazi usiku, kabureta ikavuja, yote ikaingia chini. Ningeiwasha vile ningeua beringi, kama si kuungua kabisa. Kijana ananiangalia ananiambia "si mafuta yameongezeka bosi?" Ati yameongezeka! Mzee alimwaga oili yote akaweka mpya kwa pesa yake, hilo nampa haki yake.

Gharama: 85,000 cheni zote mbili na zile bushi, mbali na lobedi, ambayo ilipita usiku kukwepa foleni ya daraja la Nyali. Kwa kazi ya cheni nawapa nyota tano. Kwa muda na uangalifu, mbili, na ya pili ni ya mzee.

Mwezi ujao narudi, maana mzee kaniambia sproketi zangu nazo meno yamechongoka upande mmoja, tutahamisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Koki ya petroli nitaifunga mwenyewe na funguo nitalala nazo.