Lushoto kwa miguu: siku nne bondeni na binti yangu

Kilichonitia wasiwasi kabla ya safari ni kona za Mombo, njia ya kupanda milima ya Usambara kwenda Lushoto. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na gari likianza kuyumba tu, tumbo lake linayumba nalo. Kila niliyemwambia kwamba tunakwenda Lushoto alinitajia zile kona kabla hajasema neno jingine. Basi nianze nazo, maana najua kuna mzazi mwingine anayesita kwa sababu hiyohiyo.

Tuliondoka stendi ya Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, basi la moja kwa moja, mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Chalinze, Segera, Korogwe, safari ya kawaida ya barabara kuu. Mombo basi likaacha lami ya Arusha na kukata kulia, na hapo mlima ukaanza. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kama kilomita 33, na kwa muda wa saa moja hivi unatoka kwenye joto la mkonge unafika karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo na mto chini yake. Nilimkalisha mtoto kiti cha mbele nyuma ya dereva, nikampa kipande cha tangawizi mbichi atafune, na pale Mombo sikumruhusu kula chochote kizito zaidi ya ndizi mbili. Hakutapika. Tulipofika Soni alikuwa amebandika uso dirishani anatazama maporomoko ya maji, ameshasahau kabisa kuumwa. Kwa hiyo kona zisiwe sababu ya kuacha kwenda.

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya na lazima niuseme. Gesti niliyoiwekea nafasi kwa simu niliahidiwa ina maji ya moto na mablanketi ya kutosha. Tulipofika hita ilikuwa haifanyi kazi, tukaletewa ndoo moja ya maji ya uvuguvugu kwa watu wawili, na blanketi moja jembamba. Mtu wa Dar haelewi baridi ya Lushoto mpaka jua lizame. Tulilala na masweta na soksi, mtoto amejikunja tumboni kwangu. Asubuhi niliomba nirudishiwe pesa ya usiku wa pili niliokuwa nimeshalipia, nikaambiwa haiwezekani. Iliniuma, kwa sababu mji huu unaishi kwa wageni na wengi wao ni familia za kawaida kama yangu zilizojibana miezi kadhaa ili zifike. Ushauri wangu: lipa usiku mmoja tu, fungua bomba uone, shika blanketi, ndipo ulipie zilizobaki.

Tulihamia hosteli ya masista pale Ubiri, kilomita chache kabla ya kuingia mjini. Pasafi, pametulia, maji ya moto ya uhakika. Masista wanatengeneza jemu na mvinyo wao wenyewe na wanauza hapohapo. Sina la kuongeza, nitarudi palepale.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Wengi wanaokwenda Lushoto wanapanda gari mpaka Irente, wanasimama ukingoni, wanapiga picha, wanageuza. Nimewaona kwa macho yangu, familia nzima imeshuka kwenye Noah, dakika ishirini, wamekwisha ondoka. Irente inastahili sifa zake zote, lakini ukiifikia kwa gari umeruka sehemu nzuri kuliko zote, yaani njia yenyewe.

Sisi tulikwenda kwa miguu, kama kilomita sita kutoka mjini, na kijana mwongoza wageni tuliyemchukua kwenye ofisi ya utalii wa kitamaduni karibu na stendi. Msambaa wa hapohapo, mpole, ananiita dada na mtoto anamwita mdogo wangu. Hakutupitisha barabarani. Alitushusha bondeni, kwenye vijia vinavyopita kati ya mashamba, na hapo ndipo nilipouelewa mji huu. Chini kabisa kwenye ardhi ya majimaji kuna kabichi, karoti na hoho zilizopangwa mistari kama madaftari ya mwanafunzi nadhifu. Maji yanakuja kwa mifereji midogo, mingine upana wa kiganja, na mkulima anaufungua au kuufunga kwa koleo la udongo. Nilitembea nikiwaza kwamba kabichi ninayonunua sokoni Dar pengine imetoka kwenye tuta hili hili, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza nani aliipanda.

Ukiinua macho, milima yote imekatwa matuta mpaka juu, na kingo za matuta zimepandwa mabingobingo, majani marefu ya kulishia ng'ombe, kushikilia udongo. Kijana wetu alitueleza kwamba babu zake waliwahi kuyachukia matuta. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuyachimba, watu wakagoma, ikawa moja ya mambo yaliyowatia hasira dhidi ya mkoloni. Leo watu wanayachimba wenyewe, kwa faida ya mashamba yao. Binti yangu aliuliza, "Kwa hiyo Waingereza walikuwa sahihi?" Kijana akasimama, akafikiri kweli, akamjibu kwamba mtu akikulazimisha kulima shamba lako mwenyewe, hata kama jembe ni zuri, mkono unakataa. Mtoto aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake la safari.

Mbele kidogo tulikutana na bibi mmoja anakata mabingobingo ya ng'ombe wake. Ng'ombe huku wengi wanafugwa bandani, majani yanaletwa kichwani. Mtoto akampa shikamoo. "Marahaba mjukuu wangu. Mnatoka wapi na kijua hiki?" Tukamwambia Dar es Salaam. Akacheka, akamshika shavu, akasema kitu kwa Kisambaa ambacho kijana alikitafsiri kuwa, huyu ni mwembamba, huko kwenu hamli? Akampa peasi mbili kutoka kwenye kanga yake, akakataa pesa.

Irente tulifika saa tano na hatukuona kitu. Ukungu mtupu, mweupe, kama mtu ametandika shuka mbele ya macho. Mgeni mmoja aliyekuja kwa gari alikasirika akaondoka. Sisi hatukuwa na gari la kuturudisha haraka, tukakaa kwenye jiwe. Baada ya kama nusu saa upepo ulitoka chini, shuka likapasuka katikati, na mwanangu akanishika mkono kwa nguvu. Ardhi inaanguka pale kama mita elfu moja. Chini kabisa ni Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyokatwa pembenne, barabara kuu kama uzi wa kushonea, na nyuma yake nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yanachoka. Mabasi tuliyoyaacha kule chini yalikuwa madogo kuliko punje ya mchele. Nilishindwa kusema. Nilifikiria kwamba nimepita barabara ile chini mara nyingi nikienda Moshi na sijawahi kuinua kichwa.

Kitu kimoja kilinikera pale: chupa za plastiki zilizotupwa ukingoni. Tuliokota tulizoweza kubeba. Ukienda, beba mfuko.

Mchana tulikula shamba la Irente, mkate mweusi wa Kijerumani, jibini wanayotengeneza wenyewe, jemu, matango, juisi ya matunda. Mimi nilikula mpaka aibu. Binti yangu aliona mkate ni mchachu, akala jibini na jemu.

Mkate ule una historia yake. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Baadhi ya majengo yao bado yapo mjini. Lakini sikwenda kwa ajili yao, na sidhani Lushoto inahitaji kuuzwa kwa jina lile.

Siku ya tatu tulipanda msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali unalipia kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo uwe na pesa kwenye simu, na udai risiti. Ndani ni dunia nyingine: miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, mikangaga mirefu kuliko mtu, ubaridi, na kimya ambacho kinavunjwa ghafla na mbega wakiruka juu ya vichwa, mikia yenye ncha nyeupe inafuata nyuma. Kuna utelezi, raba za mjini hazifai.

Kilichotushinda nguvu ni kinyonga. Kijana alisimama kwenye kichaka ambacho mimi nilikuwa nimekipita bila habari, akaonyesha kwa kidole, na bado sikuona. Dakika nzima. Kisha jani moja likageuza jicho. Dume, rangi ya kijani, ana pembe mbili puani. Alituambia jamii hii ni ya Usambara ya Magharibi tu, na kwamba mwaka 2006 wanasayansi walipolipatia kundi lake jina jipya walichukua neno letu, wakaliita Kinyongia. Kwetu nilikua nikiambiwa kinyonga ni mkosi, ukimgusa unapata balaa. Nilipoona mwanangu anamsogelea nilitaka kumvuta, nikajizuia. Hakumgusa, alichuchumaa tu wakatazamana kwa muda mrefu, wala hakuna aliyekuwa na haraka.

Malipo sasa, maana najua mtauliza. Nililipa mwongoza wageni kwa siku, tukakubaliana ofisini kabla ya kuondoka, na chakula chake juu yangu. Msimchukue mtu anayewafuata stendi mnaposhuka na mabegi. Chakula mjini ni rahisi, kwa mama ntilie nyuma ya soko tulikula wali maharage na mboga za majani zilizochumwa siku hiyohiyo, nafuu kuliko Dar. Wenyeji wanasema Juni na Julai baridi ni kali zaidi, na mvua za masika zinaharibu njia, kwa hiyo Desemba ilitufaa, hasa kwa kuwa ndio wakati wa plamsi na pichesi. Tenga angalau siku tatu kamili, chini ya hapo usiende. Mlalo na Mtae, sehemu nyingine za wilaya hii, hatukufika, ni mbali, na zinataka safari yao.

Jumapili soko lilijaa, akina mama wameshuka kutoka vijiji vyote vya juu. Nilinunua boksi la plamsi, na tiketi ya kurudi niliikata siku moja kabla ya safari, kiti kilekile cha nyuma ya dereva. Mombo tulivua masweta. Boksi lilikuwa limeshapungua nusu.