Asetati ama trifluoroasetati ya fedha, hizi chumvi mbili za silver (metali, si pesa), utachukua gani?
Ukiangalia kristali zote mbili ni stori moja, ayoni mbili za fedha zimeungwa na kaboksilati mbili (kila moja ni kaboni yenye oksijeni mbili) kama daraja, inakuwa pete ya atomu nane: fedha mbili, oksijeni nne, kaboni mbili. Tofauti iko kwa mkia unaoshikana na hiyo kaboni: wa asetati una hidrojeni tatu, wa trifluoroasetati una florini tatu. Florini zinavuta elektroni, so oksijeni inashika fedha kwa ulegevu, ndio maana trifluoroasetati inayeyuka hadi kwa etha na benzini, vimiminika visivyopatana na maji. Asetati nayo ni mkaidi, lita nzima ya maji kwa nyuzi 20 inameza gramu 10 hivi tu, zingine zinakaa chini ya bika (glasi ya maabara) kama unga wa ugali. Mimi lakini nachukua asetati, maji moto yakipoa polepole kristali zinatoka zikimeta, ila funika na foili manze, yangu ya kwanza niliiacha dirishani jua la Nairobi likaigeuza kijivu.