Siku nne kwenye kambi ya mahema kusini mwa Mto Pangani

Siku ya kwanza hema letu lilisimamishwa mara mbili. Vijana wa kambi walikuwa wametuchagulia kivuli kizuri chini ya minazi miwili, lakini mke wangu, ambaye amekulia Mkwaja katika nyumba ya wakulima wa nazi, alitazama juu, akaona makole yamejaa nazi zilizokauka, akakataa kushusha mizigo. Nazi kavu huanguka wakati wowote, usiku au mchana, na turubai la hema haliwezi kumkinga mtoto aliyelala. Msimamizi alikubali bila ubishi na kutuhamishia chini ya mivinje, hatua chache kutoka ufukoni. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo zito kuliko yote niliyoyaona: kambi inayopokea familia inapaswa kumwita mkwezi aangue nazi kabla ya msimu wa likizo, wala isisubiri mgeni aikumbushe.

Tulikuwa watu watano, watu wazima wawili na watoto watatu, na tulikwenda mwishoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na upepo wa kaskazi umeshatulia katika mkondo wake. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni takribani kilomita 50, kisha tulivuka mto kwa kivuko hadi Bweni na kumalizia safari kwa bajaji katika njia ya mchanga. Tulilipa shilingi 20,000 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja, na watoto nusu yake. Nimewasikia jamaa wakisema kwamba kulala hemani ni starehe ya wageni kutoka Ulaya na kwamba mtu wa pwani hana haja ya kulipa fedha ili alale mchangani. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa watoto wetu wa mjini wanakua karibu na bahari bila kuijua, na siku nne hizi ziliwafundisha mengi kuliko nilivyotarajia.

Mahema ya kambi ni imara, na aliyeyapanga anaujua mchanga. Vigingi vya chuma havishiki katika ufuko kama ule, kwa hiyo kamba zimefungwa kwenye viroba vilivyojazwa mchanga na kuzikwa, na usiku wa pili, kaskazi ilipovuma kwa nguvu, hema letu halikutikisika isivyo kawaida. Kivuli cha mivinje ni chembamba, lakini kinapitisha upepo. Hata hivyo, ifikapo saa mbili asubuhi ndani ya hema hakukaliki, na hilo halina dawa isipokuwa kuamka mapema. Vyandarua vilikuwa vizima na safi.

Uzuri wa mahali pale hasa ni maji, yaani namna bahari inavyojaa na kupwa na kubadilisha kila kitu unachoweza kufanya. Tulifika siku mbili kabla ya mwezi mpevu, kwa hiyo tulikutana na bamvua. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kadiri ya saa nne asubuhi na kujaa alasiri kadiri ya saa kumi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Asubuhi bahari ilikuwa imerudi mbali, miamba ikawa wazi, na akina mama wa kijijini walikwenda kuchokoa pweza kwa vijiti vyao. Mmoja wao, ambaye watoto walimwita bibi tangu salamu ya kwanza, aliwaruhusu wamfuate akawaonyesha tundu la pweza linavyotambulikana kwa vigae vya kombe vilivyorundikwa mlangoni. Alasiri maji yaleyale yalifika karibu na mivinje, na kuogelea kukawa salama na kutamu.

Mgeni atakayefika siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ataikuta pwani tofauti kabisa, kwa kuwa maji hayaendi mbali wala hayaji juu sana, na mwamba hauonekani vizuri. Kambi haikutueleza neno lolote kuhusu kujaa na kupwa huku tulipopiga simu kuweka nafasi. Familia moja kutoka Dar es Salaam, iliyokuja kwa ajili ya kuogelea tu, ilikaa asubuhi nzima ya bamvua, maji yamepwa, ikitazama tope na nyasi za bahari, na kuudhika kwao kulikuwa na haki. Kwa maoni yangu, ubao mdogo wenye saa za kujaa na kupwa, ukibadilishwa kila siku kwa sababu saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50, ungewafaa wageni kuliko viti vipya vya mapumziko vilivyonunuliwa. Vilevile watoto wavae viatu vya plastiki mwambani, maana kuna wanyama wa miiba na miiba yao huvunjikia nyayoni.

Siku ya tatu tulikwenda Maziwe kwa mashua. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na mahali mashuhuri pa kasa kutagia, kikatangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Miti yote ikapotea, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Nahodha alitusisitiza tuondoke saa moja na nusu. “Mwalimu, leo ni bamvua,” aliniambia, “tukichelewa mpaka saa saba mtakuta mchanga umebaki kidogo.” Kwenda tulikuwa tunaukabili upepo, kwa hiyo aliwasha mashine, kurudi alitweka tanga na kaskazi ikatusukuma kwa utulivu ambao sitausahau. Maboya ya kujiokolea yalitosha watu wote, yakiwemo madogo ya watoto, na nahodha hakung'oa nanga mpaka kila mmoja alipolifunga lake. Kwa huduma hii sina ila lawama ndogo kwamba miwani ya kuogelea ilivuja.

Chakula ni kizuri bila makuu: wali wa nazi, changu wa kupaka, mchicha, na asubuhi vitumbua na chai ya tangawizi. Anayetaka kujipikia hupewa mafiga, kuni na vifuu. Maji ya kisima yana chumvi kidogo na yanafaa kuogea tu, ya kunywa huletwa kwa madumu, na siku ya pili yalichelewa mpaka adhuhuri, jambo lisilovumilika wakati wa kiangazi. Vyoo ni visafi.

Nimebaki na suala la taa. Kambi imefunga taa mbili kubwa nyeupe zinazoelekea ufukoni na kuziacha zikiwaka usiku kucha. Mayai ya kasa yanayotagwa Maziwe, ambayo maji ya bamvua yangeyaharibu, huhamishiwa ufuko wa Ushongo, katika pwani hiihii ya kusini mwa mto, yaanguliwe huko, na kasa wengine hupanda ufuo huohuo kutaga. Mama kasa huogopa mwanga, na watoto wake wakitoka mchangani huelekea palipo na weupe, ambapo kwa kawaida ni baharini. Taa zikiwa nyuma yao, hupotea nchi kavu na kufa jua linapochomoza. Nilimweleza msimamizi kwa heshima, naye alinisikiliza kwa makini, akazima moja jioni ileile na kusema ya pili inahitajika kwa ajili ya ulinzi. Nilimshauri aishushe, aielekeze kwenye njia ya vyoo na kuiwekea balbu ya rangi nyekundu. Tumeshaweka nafasi nyingine mwezi wa Februari, siku za mwezi mpevu, na usiku wa kwanza nitatembea ufukoni nione kama imebadilishwa.