Chokoleti Nyeupe ya Moto Nyumbani: Hili Kopo Limeniudhi, Njooni Tupike Wenyewe

Jamani mambo vipi, karibuni tena jikoni, saivi ni saa mbili usiku hapa Mbeya na baridi la Julai nyie wa nyumbani mnalijua, wa Dar mnalisikia tu kwa watu, mimi hapa nimevaa sweta mbili na mikono bado imekufa ganzi. Leo nilikuwa niwaletee ile blenda niliyoahidi wiki iliyopita, samahanini, blenda itasubiri, kwa sababu nimenunua hili kopo hapa na nimekasirika kiasi kwamba nisipoongea leo sitalala.

Jina nimeliziba na karatasi, sitaki kugombana na mtu. Ni unga wa kukoroga, chokoleti nyeupe ya moto, gramu 400, nimelinunua shilingi 22,000. Picha ya nje tamu mno, kikombe kina povu, chokoleti inamiminika kama asali. Mdogo wangu sogeza kamera waone. Haya. Kabla sijaanza, hapa mezani kuna vikombe viwili, hiki chekundu ni cha kopo na hiki cha bluu ni cha kwangu cha kupika mwenyewe, nimevimimina kwa pamoja kabla kamera haijawashwa, sivigusi, sivikorogi, vinakaa hapo mpaka mwisho wa video ndo tutavirudia tuone kipi kimebaki na hali gani. Msikimbie.

Sasa ngoja niwasomee hii karatasi ya nyuma ya kopo, hapa ndo hasira yangu ilipoanzia. Mnajua vitu hupangwa kwa uzito, kilichotangulia ndo kingi. Cha kwanza sukari. Sawa, hiyo nilitegemea. Cha pili mafuta ya mimea, ya mawese. Cha tatu unga wa maziwa, alafu vya kukamatisha, alafu ladha ya kutengenezwa. Nimetafuta siagi ya kakao kuanzia juu mpaka chini, nikamwita mdogo wangu naye akatafuta. Haimo! Hata chembe. Sasa ndugu zangu, chokoleti nyeupe bila siagi ya kakao ni nini hiyo? Ni sukari na mafuta ya kupikia yenye harufu ya vanila, basi.

Nisikilizeni vizuri hapa maana kwenye komenti kila mara kuna mtu anasema chokoleti nyeupe si chokoleti. Mbegu ya kakao, karibu nusu yake ni mafuta. Ikishachachushwa, ikaanikwa, ikakaangwa na kusagwa, ukiikamua yanatoka mafuta ya rangi ya manjano hafifu, hayo ndo siagi ya kakao, na yale makapi yaliyobaki yakisagwa ndo unga wa kahawia mnaoujua. Chokoleti ya kahawia inachukua vyote viwili. Nyeupe inachukua yale mafuta tu, inaongezwa maziwa na sukari. Kwa hiyo siagi ya kakao ndo kitu pekee cha mti wa kakao kilichomo humo ndani, ukiitoa hiyo umetoa kila kitu. Ulaya na Marekani sheria inasema ili uiite chokoleti nyeupe lazima siagi ya kakao iwe angalau asilimia 20, na maziwa makavu asilimia 14. Ndo maana kuna pakiti nyingine ukizisoma vizuri hazijaandika neno chokoleti popote, zimeandika tu vitone vyeupe vya kuokea, na sisi tunabeba tukijua ni chokoleti.

Na kinachoniuma zaidi, kakao yenyewe iko hapo Kyela! Unashuka Tukuyu, unaacha baridi na migomba na mashamba ya chai, ukifika chini kwenye joto la ziwani ni mikakao kila mahali, watu wanapasua yale matunda, mbegu zinachachushwa siku tano sita kwenye masanduku zimefunikwa majani ya migomba, zinaanikwa, zinapimwa, nyingi zinaondoka nchini zikiwa mbegu kavu. Alafu mimi niliye juu hapa Mbeya naletewa kopo la mawese kutoka ng'ambo. Inaniuma kweli.

Haya tuingie kwenye jaribio, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye chokoleti nyeupe. Mnaona vipande viwili. Hiki cha kushoto kimetoka kwenye mche wa chokoleti nyeupe, mche kama wa sabuni, wa gramu 100, ambao nyuma umeandikwa sukari, siagi ya kakao, unga wa maziwa, leksithini ambayo ni ya kukamatisha, vanila, umekwisha. Hiki cha kulia kimetoka kwenye mche wa bei nafuu wenye mafuta ya mimea. Kwanza angalieni rangi, mdogo wangu weka mwanga hapo. Cha kushoto kina umanjano, kama siagi ya maziwa. Cha kulia cheupe pee kama chaki. Sasa navunja... mmesikia? Tak! Hicho cha kushoto. Cha kulia... kinapinda kwanza ndo kinakatika. Sasa naviweka kiganjani vyote viwili, subiri nipashe mikono kidogo kwenye kikombe cha maji ya moto, nikiviweka na baridi hili nitavionea. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi kama 34, na mwili wako ndani una 37, yaani ni kitu kigumu kinachovunjika kwa sauti alafu kinayeyuka kabla hujakitafuna, sijui mafuta mengine ya kula yenye tabia hii kwa uzuri huu. Tuhesabu. Thelathini... mnaona pembe za huyu wa kushoto zinalainika, inang'aa. Sasa ni dakika moja, angalia, imeanza kuteleza kiganjani. Cha kulia kiko vilevile, kimetulia kama mshumaa. Nakiweka mdomoni. Mmh. Kinayeyuka, sisemi uongo, ila kinaacha utando hapa juu kwenye kaakaa, ulimi unapita hapo unahisi nta. Hiki kingine kimeondoka chote, mdomo msafi, imebaki harufu ya maziwa na vanila. Kuna mafuta mengine ya mimea nayo yanayeyuka haraka kiganjani, kwa hiyo msitegemee kiganja tu, someni karatasi, tafuta maneno cocoa butter, yakiwa ya kwanza au ya pili nunua. Ukikuta palm oil, palm kernel au vegetable fat rudisha kabatini.

Sasa kupika. Vikombe viwili vikubwa. Maziwa nusu lita, mimi natumia ya Rungwe mabichi nikayachemsha mwenyewe mchana, yana krimu yake juu nzito, ukiwa na maziwa ya pakiti yasiyo na mafuta ongeza krimu vijiko vinne. Chokoleti gramu 100, mche mzima, ikatwe vipande vidogo vidogo kama unavyokata vitunguu vya kachumbari, kwa sababu bonge likienda chini ya sufuria linaungulia huko. Konflawa kijiko kimoja cha chai. Iliki tatu umezipasua. Vanila matone machache. Chumvi, ile ya kubana na vidole viwili tu, msiiruke, chokoleti nyeupe ni tamu mno na chumvi ndo inaituliza. Sukari hakuna! Humo kwenye mche sukari inaweza kufika nusu ya uzito, ukiongeza nyingine umeharibu.

Konflawa nakoroga na maziwa ya baridi kidogo pembeni mpaka iishe madonge. Maziwa mengine na iliki yako jikoni moto wa kati. Yakianza kutoa mvuke namimina konflawa huku nakoroga, naacha yachemke dakika moja hivi, lazima yachemke, konflawa mbichi ina ladha ya unga. Kijiko kimoja hiki hakifanyi uji, kinafanya tu mafuta ya chokoleti yasipande juu. Wahispania na Waitalia wao wanaongeza wanga mpaka kinywaji kinasimama, cha Kihispania wanachovya maandazi yao marefu ndani, ni kitamu, ila kwa nyeupe sikushauri, kinakukinai vijiko viwili.

Sasa hapa ndo penye siri yote. ZIMA MOTO. Mmeona, nimezima na nimeitoa sufuria kwenye jiko kabisa. Natoa maganda ya iliki. Nahesabu mpaka 60. Chokoleti nyeupe ina maziwa na sukari nyingi kwa hiyo inaungua haraka kuliko nyeusi, mimi mara ya kwanza niliiweka sufuriani peke yake juu ya gesi nikidhani naiyeyusha, ndani ya dakika ikawa vidonge vidonge vya kahawia vinavyonuka maziwa yaliyoungua, na tone moja la maji lilipoingia ikagandamana ikawa kama udongo. Chokoleti ikiyeyuka peke yake maji kidogo ni adui, lakini ikiingia kwenye maziwa mengi haina shida, ndo maana hatuiyeyushi pembeni, inaingia moja kwa moja kwenye maziwa. Naweka nusu. Sigusi. Naiacha ilainike yenyewe. Sasa nachukua kile kichapio cha waya cha mayai, naanzia katikati, miduara midogo, polepole naenda nje. Naweka nusu iliyobaki, chumvi, vanila matone machache. Sasa napiga haraka... sikilizeni hiyo sauti inavyobadilika, mwanzo ilikuwa ya maji, sasa imekuwa nzito. Angalia mgongo wa kijiko, nikipitisha kidole njia inabaki. Hiyo ndo krimu ninayoizungumzia, na humu hamna krimu ya dukani hata kijiko.

Nanywa kidogo... aisee. Iliki inakuja mwisho kabisa. Jamani.

Bei sasa, maana najua mtauliza. Ule mche mzuri nimeupata 9,500, maziwa nusu lita ni 1,000, vingine vilikuwepo, ukigawa kwa vikombe viwili ni kama 5,300 kila kimoja na iliki yake. Kopo mimi limenipa vikombe kama 14, ukijumlisha na maziwa yake inakuja 2,000 na ushee kwa kikombe. Kwa hiyo kopo ni rahisi, hilo nalikubali, na ukiwa na watoto watano asubuhi wanaenda shule huwezi kupika hivi kila siku. Mwanzoni nilitaka kusema mtupe, sasa nasema tumieni kama maziwa ya sukari, msiite chokoleti. Na mgahawa mmoja hapa mjini wanauza kikombe 8,000, nilipouliza wanatumia nini dada akanionesha kopo hilihili. Na bei za miche ya chokoleti zimepanda kwa sababu mwaka 2024 tani ya kakao soko la dunia ilivuka dola 10,000, wakati kwa miaka mingi ilikuwa inacheza kwenye 2,000 na 3,000, mavuno Kodivaa na Ghana yaliharibika kwa magonjwa na hali ya hewa, basi viwanda vingine vikapunguza kakao vikaongeza mafuta ya mimea. Kwa hiyo hata ile chapa uliyoizoea isome upya kila ukinunua.

Habari za chaneli fupi, Jumamosi blenda inakuja, na nitaitumia kutengeneza hii bila mche kabisa, siagi ya kakao gramu 30, maziwa ya unga, sukari, maziwa ya moto, unasaga mpaka inakamatana. Ila msikimbilie siagi ya kakao ya wauza vipodozi, nyingi ni ya kupaka, tafuta iliyoandikwa ya kula. Aliye Kyela anayekamua ya kula aniandikie kwenye komenti, nitakuja na kamera mpaka mlangoni kwako.

Haya vikombe vyetu, imepita zaidi ya nusu saa. Chekundu, kopo. Naingiza kijiko mpaka chini... ona hiki kilichokaa chini, mchanga mchanga wa sukari na unga, na juu kuna matone ya mafuta yanaelea, yameshaanza kuganda na hii baridi. Cha bluu. Juu kimeweka utando, huo upo, maziwa yakipoa ni lazima, nautoa na kijiko hivi. Chini... hamna kitu, safi. Katikati ni kilekile, kimekuwa kizito zaidi. Mdogo wangu acha kamera hapo mezani, njoo na kikombe chako, cha sufuriani bado kina moto.